Faili la Saba katika Trei ya Mtahiniwa 41

Wahitimu wapendwa, kila mwaka mnaniandikia barua mkiuliza swali lile lile: tukiitwa kwenye Kituo cha Kupima Wahitimu, tutarajie nini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, na baadhi yenu mnaandika kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo ni utovu wa adabu. Nitajibu hapa mara moja kwa wote. Jina la nchi sitalitaja kwa kuwa mnalijua, na kama hamlijui basi mna bahati, bakini huko huko.

Kwanza ondoeni hofu. Hakuna nchi inayoajiri kwa ustadi kama yetu. Miaka kumi na miwili iliyopita serikali ilisimamisha ajira zote ili ipate nafasi ya kuboresha utaratibu wa kuajiri, na utaratibu umeboreka mpaka wageni wanakuja kuupiga picha. Kituo kiko katika jengo lililokuwa kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine zilitolewa, wahitimu wakaingizwa. Juu ya boriti bado kuna vumbi la nyuzi, kwa hiyo kila mtu hupiga chafya, na kila chafya hupunguza alama moja.

Mimi naitwa Anselimu Kitogwa. Niliingia hapo kama mtahiniwa, nina shahada ya Kifaransa, na kwa miaka tisa sikutoka. Walinipa ubao wa kuandikia na kalamu iliyofungwa kamba, wakaniita Mtathmini wa Kujitolea. Sisi watathmini nasi tulikuwa tukipimwa na watathmini wengine waliokaa roshani. Nao sijui walikuwa wakipimwa na nani, kwa sababu ukiinua kichwa kuangalia unapunguziwa alama.

Ili mnielewe vizuri nitawasimulia habari za mtahiniwa mmoja tu, namba 41, aliyeitwa Leokadia Nyakunga. Nimejaribu kutumia mfano mwingine nimeshindwa. Kila nikianza kuandika, ni yeye anayekuja.

*

Leokadia alikuwa mhandisi wa maji, amesoma akahitimu, akakaa nyumbani miaka minne. Alikuja kwa ajili ya nafasi moja iliyotangazwa gazetini: Mhandisi wa Maji, Tarafa ya Isambalu. Isambalu ni kwao. Kisima kilichimbwa huko zamani na wafadhili, kikawekewa pampu ya mkono, na pampu ilipokufa mhandisi wa mwisho alikuwa ameshastaafu. Kwa miaka kumi na moja watu wa Isambalu wamekuwa wakichota maji kwenye lambo la ng'ombe. Masika iliyotangulia usaili walizika watoto saba kwa kuhara, mmoja wao mtoto wa dada yake. Hayo yote aliyaandika kwenye barua ya maombi, pale panapoulizwa, "Eleza kwa furaha kwa nini unaitaka kazi hii." Alipunguziwa alama kwa kukosa furaha.

Asubuhi ya kwanza mtarajie hotuba. Mkurugenzi wetu, Dakta Bonaventura Kisarika, aliipanda ngazi ya jukwaa polepole ili makofi yapate muda.

"Wahitimu!" alisema. "Wanaotuchukia wanasema tunatafuta watu wanaojua kazi. Ni uongo mtupu! Anayejua kazi ataifanya. Akiifanya itakwisha. Ikishakwisha, nawauliza, taifa litabaki na nini?"

Wahitimu mia mbili na kumi walisimama wakapiga makofi. Makofi yanapimwa, hivyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Dakika ya kumi na tisa kijana mmoja wa shahada ya uhasibu alianguka, tukamwandikia kwamba hana ustahimilivu. Leokadia alikuwa ameacha dakika ya pili. Alikuwa amekaa, ameshika tama, anamtazama Mkurugenzi kama mtu anayengoja dawa dirishani na kuambiwa aje kesho.

Niliandika: "Namba 41, haonyeshi ari." Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

*

Chakula cha mchana hakipimwi. Mtatangaziwa hivyo mara tatu kwa kipaza sauti, na nyuma ya masufuria mtawaona watathmini watatu na mbao zao. Aliyechukua paja la kuku tulimwandikia tamaa. Aliyechukua kipapatio, hajiamini. Asiyegusa nyama, anaficha jambo. Nilimwona mtu mwenye shahada mbili akijaza wali kwenye mfuko wa koti, kiganja baada ya kiganja, huku anatabasamu, maana tabasamu linapimwa siku nzima na asubuhi ile mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka pembeni. Nilijifanya sikumwona. Hilo ndilo jambo jema pekee nililolifanya wiki ile, na nililifanya kwa kutokufanya kitu.

Baada ya chakula linakuja Zoezi la Kundi. Watu wanane huketi mezani na kupewa jambo la kujadili. Lao lilikuwa hili: mashua inazama, ina nafasi ya watu saba, nani ashuke? Kanuni ya alama ni rahisi. Anayesema wa kwanza ana ubabe. Anayesema wa tatu na kuendelea ni mfuata mkumbo. Alama zote ni za anayesema wa pili. Kanuni hii ni siri kubwa ya serikali, na kwa hiyo inauzwa kwenye kila duka la fotokopi mjini.

Wanane wote walikuwa wameisoma. Walikaa. Saa ya ukutani ikatembea. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa upendo akimsihi kwa macho aanze yeye. Binti mmoja alianza kulia bila sauti, akiendelea kutabasamu. Dakika ya thelathini na tano, zikiwa zimebaki tano, Leokadia alipiga meza.

"Jamani, nitashuka mimi," alisema. "Mashua yenyewe ni ya karatasi. Semeni basi, mpate alama zenu twende."

Saba walisema kwa pamoja, "Naunga mkono!" Tulibishana kwa saa mbili ni nani aliyekuwa wa pili.

*

Sasa tufike kwenye Zoezi la Trei, maana ndilo linalowatisha wengi. Unawekewa mezani trei yenye mafaili ishirini. Una dakika tisini. Kila faili lina jambo, na wewe uamue, uandike, utie sahihi na kupiga mhuri. Mhuri umefungwa kwenye mguu wa meza kwa mnyororo.

Wengi huuliza kama mafaili hayo ni ya kutunga. Huko nchi nyingine huenda ni ya kutunga. Sisi ajira zimesimama miaka kumi na miwili, watumishi wamestaafu, wengine wamefariki, na wizara haina mtu wa kusoma barua. Kazi yote ya serikali hufanywa na watahiniwa, dakika tisini kwa siku, siku nne kwa wiki, na wanaifanya vizuri kwa sababu hawajui. Mwaka juzi mtahiniwa mmoja alifunga mnada wa mifugo wa mkoa mzima akidhani anajibu swali. Alipata alama tisa kwa kumi. Mnada haujafunguliwa mpaka leo.

Majibu nayo yanapatikana kwenye maduka ya fotokopi. Ukiombwa nafasi ya kazi ijazwe, jibu "ifutwe" lina alama kumi kwa kubana matumizi. "Iundiwe kamati" lina nane. "Iahirishwe" saba. "Ijazwe" ni sifuri, na sifuri moja katika trei inakuangusha usaili mzima.

Faili la saba kutoka juu katika trei ya Leokadia lilikuwa la kijani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua mbili, kama inavyotakiwa. Juu ya jalada paliandikwa: Mhandisi wa Maji, Tarafa ya Isambalu. Nafasi wazi miaka kumi na moja. Je, ijazwe au ifutwe?

Alilifungua. Ndani kulikuwa na barua kumi na moja, kila mwaka moja, zimepigwa dole gumba na wanakijiji. Kulikuwa na orodha ya zahanati yenye majina saba ya watoto na umri wao kwa miezi. Chini ya kila barua palikuwa na uamuzi wa mtahiniwa wa mwaka ule: iahirishwe, iahirishwe, iundiwe kamati, iahirishwe. Niliona mgongo wake ukikakamaa. Kidole chake kilishuka kwenye orodha kikasimama kwenye jina la tano.

Aligeuka. "Kaka," aliniambia kwa sauti ya chini, "hili ni la kweli?"

Mtathmini haruhusiwi kusema na mtahiniwa. Anaruhusiwa kukohoa kwa sababu za kiafya.

"Nimekuelewa, hamruhusiwi," alisema. "Basi ukikohoa nitajua ni la kweli. Ukinyamaza nitajua ni la mtihani, niandike wanavyotaka, nipate kazi, nikatengeneze hiyo pampu. Nakuomba kaka yangu. Hapa napasuka kichwa."

Wahitimu, niwaambie ukweli wa moyo wangu. Kama ningenyamaza, angeandika "ifutwe" na kufaulu, na nafasi aliyoijia ingekufa kwa mkono wake mwenyewe. Nilijua hivyo, kwa sababu miaka tisa kabla ya hapo mimi niliandika "ifutwe" kwenye faili la kijani la mwalimu wa Kifaransa, Shule ya Sekondari ya Kigwasu, nikapata kumi kwa kumi, na nikapongezwa.

Nikakohoa.

Aliinamisha kichwa. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: IJAZWE. MARA MOJA. Chini yake akaandika nini cha kubadilisha ndani ya pampu, spana ya ukubwa gani, vyuma vingapi vya kuvuta juu. Akavuta mnyororo, akapiga mhuri kwa nguvu mpaka meza ya jirani ikatikisika. Mafaili kumi na matatu yaliyobaki hakuyagusa. Alikaa akiyatazama mpaka kengele ikalia.

*

Jioni kuna kikao cha kuoanisha alama. Mtahiniwa haoni kikao hiki, na ni vizuri asione.

"Namba 41," Mkurugenzi alisoma. "Ari hakuna. Ubabe upo. Kubana matumizi, sifuri. Kuna mwenye neno la kumtetea?"

Nilikuwa na neno. Lakini mwaka ule ndio nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja, na kutoka roshani nilisikia kalamu ikifunguliwa. Nikatazama ubao wangu.

"Hakuna," alisema Mkurugenzi. "Ameanguka."

Tatizo likaja kesho yake. Mhuri ni mhuri. Serikali imeshasema nafasi ijazwe, na kanuni inasema ijazwe ndani ya siku kumi na nne. Ijazwe na nani? Si Leokadia, ameanguka. Kuwapeleka waliofaulu hakukuwezekana, kwa sababu waliofaulu wako kwenye Orodha ya Kusubiri, na anayetolewa kwenye Orodha ya Kusubiri na kupelekwa kazini anakuwa ameacha kusubiri, jambo lililo kinyume cha orodha. Walikaa siku tatu wakikuna vichwa. Siku ya nne mmoja alikumbuka kwamba katika picha ya zamani, pampu ya Isambalu ina kibao chenye maandishi ya Kifaransa.

Ndivyo nilivyokuwa mhandisi wa maji.

*

Nilifika Isambalu na gari la wizara, sanduku la nguo, na spana moja kubwa ya bomba niliyotia sahihi kuipokea. Watu walikuwa wamejipanga kisimani tangu asubuhi. Mama mmoja mnene, amejifunga kitenge kiunoni, alinishika mikono yote miwili.

"Karibu baba, karibu mhandisi wetu. Miaka kumi na moja! Mimi ni mama Leokadia. Binti yangu alikwenda kuitafuta hii nafasi, Mungu hakumjalia, lakini wewe umekuja, na wewe ni mwanetu."

Niliiendea pampu nikafuta vumbi kwenye kibao nikasoma kwa sauti, matamshi safi kabisa. Watu wakapiga makofi.

"Imeandikwaje?" aliuliza mtu nyuma yangu. Alikuwa Leokadia, ana ndoo mkononi.

"Imeandikwa isiguswe na asiye fundi," nilisema.

Tulitazamana. Hakunitukana, na ningeona nafuu kama angenitukana. Aliweka ndoo chini akanyoosha mkono, nami nikampa spana.

Alifanya kazi siku tatu. Alifungua kichwa cha pampu, akavutisha wanaume vyuma kutoka chini, kimoja kimoja, akavipanga juu ya majani. Ringi ya ngozi ya ndani ilikuwa imeoza na dukani haipo. Alikwenda nyumbani akarudi na viatu vyake vyeusi vya usaili, akavikata, akatengeneza ringi, akailoweka kwenye mafuta ya kula usiku kucha. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshikia mwavuli wa kivuli. Siku ya tatu mchana mama yake alishika mpini akaanza kusukuma. Pampu ilikohoa, ikatema tope, kisha yakatoka maji meupe. Wanawake walipiga vigelegele. Mama mmoja alikaa chini pale pale kwenye matope na kulia kwa sauti, akitaja jina la mtoto.

Kisha wakanibeba mimi juu. "Mhandisi! Mhandisi!" Afisa tarafa alifika akapiga picha nikiwa nimeshika spana, na Leokadia akaombwa asogee kidogo kwa sababu alikuwa mchafu. Alisogea. Nami sikusema kitu, kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mtu wa roshani.

Taarifa ilikwenda wizarani kwamba maji yametoka. Wiki ya pili barua ikarudi. Ilinipongeza kwa kutimiza lengo la nafasi. Kwa kuwa lengo limetimia, nafasi imefutwa. Mimi nimeteuliwa kuwa Mtathmini Mkuu, nirudi kituoni na vifaa vyote nilivyokabidhiwa.

Leokadia alinibebea sanduku hadi barabarani. Dereva alipowasha gari ndipo akasema, "Kaka Anselimu, kazi sitakuomba tena. Niachie spana tu. Ile pampu ni ya zamani, inalegea. Kila baada ya wiki kadhaa inataka kukazwa, na bila spana ile mkono mtupu haufui dafu."

"Imeandikwa kwa jina langu," nilimwambia.

"Sema imepotea."

"Nikisema imepotea nitapimwa upya."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyafuta. "Kaka, ulikohoa," alisema. "Mtu aliyekohoa siku ile hawezi kushindwa kuacha spana."

Nilipanda gari, spana nikaipakata magotini. Dereva aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni vumbi.

*

Basi, wahitimu, mtarajie haya: hotuba, chakula kisichopimwa, mashua inayozama na trei. Njooni mmelala vizuri. Tabasamuni. Zaidi ya hapo sina la kuwasaidia, na wanaosema ofisi yangu haina huruma hawajui kwamba sasa nina chumba changu mwenyewe roshani na feni inayozunguka kwa kasi mno.

Kesho tunapokea wahitimu mia tatu na arobaini. Tangu asubuhi napanga trei zao kwa mkono wangu. Kati ya mafaili yaliyoletwa kuna barua mpya ya Isambalu, ina madole gumba mengi kuliko zote. Wanasema pampu ilikufa mwezi wa tatu, nati tu imelegea. Lambo limeanza kukauka, na zahanati imeanza orodha nyingine, mpaka sasa ina majina mawili. Hawaombi mhandisi. Wanaomba spana, kwa siku moja, wataileta wenyewe kwa miguu.

Sijaamua niiweke trei ya nani. Nimeiacha hapa mezani, na kwa kuwa feni inapeperusha karatasi, nimeiwekea spana juu.